Saa ya Kalemie isifungiwe ndani ya msimbo

Safu ya Juma, na Amisi Kalonda

Kinshasa ikiwa saa sita mchana, Kalemie ni saa saba, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ni saa nane. Tovuti yetu yoyote inayotangaza saa ya meli kung'oa nanga inakutana na hesabu hiyo, na fundi mwenye haraka huimaliza kwa kuandika "ongeza saa mbili" katikati ya msimbo. Hesabu yake ni sahihi, lakini ameiweka mahali pabaya. WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, hutunza mipangilio kwenye jedwali la hifadhidata liitwalo wp_options: jina la tovuti, barua pepe ya msimamizi, mtindo wa tarehe, saa za eneo. Msimbo huiomba kwa get_option na jina la mpangilio unaotakiwa. Msimamizi akibadili thamani, kila ukurasa unaouliza hupata jibu jipya. Kilichoandikwa kwa mkono humsubiri fundi, na huenda fundi yuko Lubumbashi. Sisi ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wengine: Albertville iligeuka kuwa Kalemie mwaka 1966, na Katanga ikagawanywa mwaka 2015 tukapata jimbo la Tanganyika. Hata jina la mahali hubadilika.

Wapo wanaosema kuuliza hifadhidata kila mara kunachelewesha ukurasa, nasi intaneti yetu tunaijua. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mipangilio inayotumika sana husomwa kwa pamoja mwanzoni na kuwekwa kwenye kumbukumbu, hivyo kuita get_option mara kumi si kwenda kwenye hifadhidata mara kumi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chombo hiki hukosea kimyakimya. Ukikosea herufi moja ya jina, hurudisha false bila kulalamika, isipokuwa umeandika thamani ya akiba. Tena msimamizi akichagua tofauti ya saa kwa namba badala ya mji, mpangilio wa jina la mji, timezone_string, hubaki tupu, na msimbo unaoitegemea peke yake hupotea. Nakubali hilo kabisa, ila dawa yake si kurudi kwenye namba ya mkono. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 ipo wp_timezone, ambayo hushughulikia hali zote mbili, mji na namba. Fundi aitumie hiyo, na msimamizi wa Kalemie achague Lubumbashi kwenye orodha ya miji, si Kinshasa.