Ulinisimulia Kipindi cha Kwanza Tu

Leo nataka tuongee mpira. Usifunue ukurasa dada yangu, najua unavyouchukia, ila nivumilie kidogo. Mpira ninaouzungumzia unalala chumbani kwako, tena upande wa ukutani.

Kila mwanaume ana mechi yake. Sizungumzii za Simba na Yanga, hizo ni za watu wote. Nazungumzia ile aliyoicheza mwenyewe akiwa chuo, enzi hizo tumbo likiwa bado bapa. Kama unabisha, mpeleke kwenye harusi, akutane na mtu mmoja tu aliyesoma naye, halafu hesabu dakika. Kabla sahani ya pilau haijaisha utasikia, "Unaikumbuka ile mechi?"

Mechi ya mume wangu ilichezwa Ifakara mwaka 2000. Vilikutana vyuo viwili vya mkoa wa Morogoro, ambavyo sivitaji kwa sababu waliosoma huko ni wengi na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Kama ulikuwa Morogoro miaka hiyo, unajua hali ilivyokuwa. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda kule Manungu, Turiani, ilibeba ubingwa wa Bara mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaubeba tena, Simba na Yanga zikibaki kukodoa macho. Kijana yeyote wa mkoa ule aliyeweza kupiga danadana tatu alijiona kabakiza hatua moja kufika Manungu.

Basi mechi ilikuwa bao moja kwa moja mpaka dakika za mwisho. Ukapigwa mpira mrefu, mume wangu akiwa namba tisa. Kipa akatoka, kipa akateleza, mume wangu akaukwamisha wavuni. Mbili moja. Akabebwa mabegani kuzunguka uwanja mzima.

Mara ya kwanza kunisimulia ilikuwa mwaka 2006, kwenye mtoko wetu wa pili, Morogoro mjini. Alipanga vizibo vya soda mezani: hiki ni mimi, hiki beki, hiki kipa. Chipsi zikapoa. Alipofika kwenye bao alisimama kabisa, wahudumu wakageuka. Mwenzenu nikapenda pale pale.

Mimi ni Yanga, yeye ni Simba, na ndani ya nyumba hakuna wiki inayopita bila kutaniana. Lakini bao la Ifakara sikuwahi kulitania. Nimewasimulia mashoga zangu bao lile kwa mdomo wangu, na chumvi nikaongeza.

Mwaka 2022 wale waliocheza mechi ile, wa vyuo vyote viwili, wakaanzisha kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza nyumbani hakukulalika. Picha za jezi zilizopauka, vijembe, sauti za wanaume wazima wakicheka kama watoto. Kila kitu alikuwa ananionyesha. Kisha usiku mmoja ukaingia ujumbe wa yule kipa, siku hizi mwalimu wa shule ya msingi: "Karibuni sana Uchindile. Hasa wewe, namba tisa."

Mume wangu akausoma, akaiweka simu kifudifudi.

Siku tatu hakujibu. Nikamuuliza, "Mbona humjibu mwenzio?" Akasema, "Uchindile ni mbali." Shoga yangu, ukimuuliza mtu kuhusu ujumbe akakujibu kuhusu umbali, elewa kuna jambo. Nilimchokonoa wiki mbili. Mwezi Julai tukawaacha watoto kwa bibi yao, tukaenda Ifakara na kupanda treni ya TAZARA.

Kwa wasiopajua, Uchindile ni kijiji cha milimani, mbali kusini magharibi mwa Ifakara, na kina stesheni yake kwenye reli hiyo iendayo Zambia. Ukitoka Ifakara, kulia unakuwa na milima ya Udzungwa, kushoto bonde la Kilombero na mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho. Ukishaipita Mlimba, treni inaanza kupanda, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki, na joto la bondeni unaliacha chini.

Kwenye behewa letu kulikuwa na mzee mmoja mchangamfu. Kwa kuwa treni ni ya Zambia, akaanza habari za Ndola mwaka 1979, Taifa Stars ilipotoka sare ya bao moja na Zambia baada ya kuwafunga moja bila hapa nyumbani. Alimsimulia Peter Tino na bao lake kama vile Tino kapita behewani dakika tano zilizopita. Bao hilo ndilo lililotupeleka Lagos, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1980, na baada ya hapo tukangoja mpaka mwaka 2019, tulipokwenda Misri. Miaka 39! Behewa zima lilikuwa linacheka na kubishana.

Nikawa namngoja mume wangu. Siku nyingine yoyote, mzee akimaliza Ndola, yeye angedakia na Ifakara. Siku hiyo alikuwa anaangalia dirishani.

Uchindile tuliikuta na baridi ambayo koti langu la Dar halikuitegemea, na harufu ya misonobari kutoka mashamba ya miti. Mwalimu alikuwa anatusubiri stesheni, katabasamu masikio kwa masikio. Alipoanza kutembea kutufuata, nikaona mguu wa kushoto unamfuata kwa nyuma kidogo, kama mtoto anayevutwa mkono. Nikamgeukia mume wangu. Yeye alikuwa anahesabu mizigo, nayo ilikuwa miwili tu.

Usiku tukaandaliwa ugali na kuku wa kienyeji. Mke wa Mwalimu ni mkarimu ajabu, tukazoeana kama tumekua pamoja. Nami kwa mdomo wangu huu nikasema, "Shemeji, hebu tusimulie na wewe ile mechi. Mimi miaka yote nimeisikia upande mmoja."

Mume wangu akaacha kutafuna.

Mwalimu akacheka, akanawa mikono taratibu. "Shem, mechi ilikuwa nzuri. Ule mpira mrefu niliutokea mapema, nikaudaka. Nilikuwa nao kifuani kabisa. Mwenzangu akaja na mwendo wake, njumu ikatua gotini. Mpira ukanitoka, akaweka ndani. Refa akapuliza kati."

"Kwa hiyo hukuteleza?" nikauliza.

"Kuteleza? Uwanja ulikuwa mkavu, shemeji."

Akaendelea bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka uliopita. Alifungwa hogo miezi minne. Wiki mbili baada ya mechi ile alikuwa akafanye majaribio kwenye timu moja kubwa. Hakwenda. Alipopona, goti lilikuwa goti la mtu mwingine.

Mume wangu akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, nisamehe. Nilikukanyaga."

"Rafu nilikusamehe siku ile ile," akajibu Mwalimu. "Mpira una kuumia. Ila nyie mlibaki Ifakara siku mbili mkishangilia. Mimi niko wodini. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, kila mlango ukifunguliwa naangalia kama ni wewe. Hilo ndilo nililokaa nalo."

Pakawa kimya. Kisha mume wangu akasema jambo ambalo mimi, mkewe, nilikuwa sijalisikia. "Nilifika mpaka getini. Nilikuwa na mfuko wa machungwa. Nikawaona wenzako wamekaa pale nje, nikaogopa. Machungwa nikamwachia mlinzi akuletee."

Mwalimu akamtazama kwa muda. "Machungwa hayakufika."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mke wa Mwalimu. Tukacheka wote wanne mpaka machozi, na nikiri kwamba machozi ya mume wangu hayakuwa yote ya kicheko.

Usiku ule sikupata usingizi. Si kwa sababu ya rafu, mimi si refa. Nilikuwa nawaza miaka 16 ya "kipa akateleza". Nikakumbuka tarehe 20 Oktoba 2013. Wapenzi wa Yanga wenzangu mnaijua. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza tatu bila, nami nikamtambia mume wangu mpaka akakimbilia nje. Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote, mechi ikaisha tatu tatu. Yule aliyezima redio wakati wa mapumziko alilala mshindi. Hakudanganywa na mtu, alichosikia kilikuwa kweli tupu. Ila alisikia kipindi cha kwanza tu.

Na mimi mume wangu alinisimulia kipindi cha kwanza tu. Bao lilikuwepo, kubebwa mabegani kulikuwepo. Wodi ndiyo haikuwepo, wala machungwa.

Nikamuuliza gizani, "Kwa nini hukuniambia? Ulidhani nitakuacha?" Akakaa kimya nikadhani kalala. Kisha akasema, "Siku ile kwenye chipsi, ulivyokuwa unaniangalia, sikutaka uache. Halafu ukawa unaisimulia wewe mwenyewe kwa watu. Ningeirekebishaje?"

Hapo nikakosa la kusema, maana ile chumvi niliongeza mimi. Nami nikamweleza jambo langu moja la zamani, ambalo halihusiani na mpira na halitaandikwa kwenye ukurasa huu. Tulilala karibu alfajiri.

Asubuhi Mwalimu akatupeleka uwanjani, anakofundisha watoto wa kijiji. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi. Watoto wakaja mbio, shikamoo zikimiminika, wakitaka kumwona huyo mgeni aliyewahi kumfunga Mwalimu wao. Mwalimu akamwambia mume wangu, "Leo unakaa golini wewe." Zikapigwa penalti tano. Zote zikaingia, ya mwisho ikapigwa na binti ambaye hata kiunoni hajamfikia. Mwalimu alikuwa nyuma ya goli, anapiga kelele, "Toka mapema! Mbona unangoja?" Sijawahi kumwona mume wangu amefungwa mabao matano huku anafurahi namna ile.

Tukiwa njiani kurudi, nikawa namuwaza Patrick Mafisango. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walitufunga tano bila, na bao mojawapo lilikuwa lake. Siku ile sikutaka hata kulisikia jina lake. Tarehe 17 mwezi huo huo akafariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Siku 11 tu. Nililia, mimi Yanga, nikamlilia mtu niliyekuwa nimemnunia. Mume wangu na Mwalimu walikaa miaka 22 kati ya filimbi ya mwisho na ugali ule. Ni bahati tu kwamba wote wawili walikuwa hai kuula.

Sasa mpenzi msomaji, nikuombe kitu. Wa kwako akianza tena mechi yake, usiguune wala usikimbilie simu. Msikilize mpaka bao liingie. Kisha muulize kwa upole, "Huyo kipa yuko wapi siku hizi?" Usimuulize ili kumnasa, na usimuulize mbele ya watu. Akikaa kimya, mwache na kimya chake, akiwa tayari atasema. Na wewe kaka unayesoma kwa kujificha, jua kwamba mwanamke aliyependa bao lako anaweza pia kuyabeba machungwa yako. Ila tayarisha na masikio, kwa sababu naye dada ana kipindi chake cha pili.

Desemba ile tulialikwa harusi. Akatokea mtu aliyesoma naye, na pilau haijafika nusu nikasikia, "Unaikumbuka ile mechi?" Mume wangu akaanza. Mpira mrefu, beki kapitwa, kipa katoka. Hapo akasita, akanitupia jicho. Mimi nikaendelea kula.

"Kipa aliudaka," akasema. "Nikamkanyaga goti."

Meza nzima ikanyamaza. Mtu mmoja akauliza, "Sasa yuko wapi huyo jamaa?"

"Uchindile," akajibu. "Juzi tu tumeongea. Ana binti mmoja kule anapiga penalti, usiombe."

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.