Mwali wa Taa Katika Picha: Kilichopotea Hakirudishwi

Familia nyingi siku hizi hutunza kumbukumbu zake ndani ya simu. Miongoni mwa picha tunazoulizwa namna ya kuzipiga ni zile za jioni: babu akisoma kwa mwanga wa kandili, au bibi akiwasimulia wajukuu kando ya kibatari umeme unapokatika. Ni picha zenye thamani, kwani wazee hawa hatutakuwa nao daima. Lakini aghalabu mahali pa mwali hubaki doa jeupe tu.

Sababu yake ni kwamba kamera hukadiria mwanga kwa kutazama eneo zima. Ikikuta giza limetawala, huongeza mwangaza wa picha yote, na mwali ambao tayari unang'aa huzidi kiwango. Rangi yake ya manjano, itokanayo na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto, na ile buluu iliyo chini karibu na utambi, zote hugeuka weupe mtupu. Hakuna programu iwezayo kurudisha rangi ambayo haikunaswa.

Kwa hiyo tuanze kwa kuupima mwali wenyewe. Tuguse mwali kwenye kioo cha simu, kisha tupunguze mwangaza mpaka rangi zake zionekane. Flashi tuizime, kwa sababu huufifisha mwali na kuiondoa hali ya jioni. Uso wa mzee ukibaki gizani, dawa si kuongeza mwangaza wa picha yote, bali ni kuisogeza taa: umbali ukipungua kwa nusu, mwanga unaofika usoni huwa takriban mara nne. Saa nzuri ni jua linapotua, mwanga wa dirishani unapokaribiana na ule wa taa. Simu tuiegemeze mahali imara, upepo tuuzuie, na taa tuiweke mbali na mapazia, kanga na mikono ya watoto.

Elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir jaribio la taa kadhaa zilizopangwa mbele ya tundu la mahali penye giza. Kila taa ilitoa doa lake la mwanga ndani; taa moja ikizibwa, doa lake pekee lilitoweka. Kamera zetu nazo hufuata kanuni hiyo hiyo ya mwanga kupita tunduni na kuchora mahali penye giza.

Jambo la pili ni wingi wa nukta, ziitwazo pikseli, zinazounda picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12. Machapisho mazuri huhitaji takriban pikseli 300 katika kila inchi. Hivyo picha hiyo yaweza kuchapwa safi kwa upana wa sentimita 34 hivi. Ikipunguzwa hadi pikseli 1600 kwa upana, itatosha sentimita 13 au 14 tu. Tukiilazimisha ikue, kompyuta hubuni nukta za kujaza nafasi, na kope na mikunjo ya uso wa mzee hubaki ukungu.

Upungufu huo mara nyingi huletwa na sisi wenyewe. Kukuza kwa vidole wakati wa kupiga mara nyingi ni kukata kingo za picha: tukikuza mara mbili, katika nukta milioni 12 hubaki milioni 3. Ni heri kusogea karibu. Vilevile, programu za kutumiana ujumbe huipunguza picha ili isafiri upesi. Tukiituma kama faili, hufika ilivyo.

Basi kabla simu haijaharibika au kuuzwa, kila familia ihamishe picha za asili za wazee wake na kuzihifadhi mahali pawili. Nakala iliyozunguka kwa jamaa kumi haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya kwanza.