Seli Inayovumilia Sumu

Miongoni mwa matumaini yanayotajwa sana katika maabara za kukuzia mimea, limo la kupata mazao yatakayostawi katika udongo wenye metali nzito. Njia yenyewe ni nyepesi kuielezea: seli hukuzwa ndani ya chupa, hutiliwa kadmiamu kidogo kidogo, na zile zisizokufa huteuliwa ziwe wazazi wa mimea mipya. Tumaini hilo lafaa kupimwa upya kabla halijafika shambani.

Chupa ina ukarimu usiopatikana katika udongo. Chakula cha seli kilichotangazwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, ambacho hadi leo hutumika katika maabara nyingi, kina miligramu 440 za kloridi ya kalsiamu katika kila lita, hali salfeti ya shaba ni miligramu 0.025 tu. Kalsiamu hiyo huishika pektini inayogandisha seli pamoja. Ikipungua, ncha za machipukizi hufa. Lakini ina athari nyingine. Ioni za kadmiamu zinakaribiana kwa ukubwa na zile za kalsiamu, nazo hupenya kwa baadhi ya milango ile ile. Kalsiamu ikiwa tele, sumu husongwa nje. Tena EDTA, inayotiwa ili chuma kisijitenge na maji, huweza kuikamata kadmiamu vilevile. Basi seli iliyoonekana shujaa huenda ilikingwa na chakula chake, na katika udongo wenye asidi uliopungukiwa na kalsiamu ushujaa huo usionekane.

Lililo zito zaidi ni hili. Mwaka 1985, huko München, Grill, Winnacker na Zenk walieleza peptidi ziitwazo fitokelatini, walizozipata katika seli za Rauvolfia serpentina zilizotiliwa kadmiamu. Peptidi hizo huifunga metali, nayo huwekwa katika vakuoli. Sumu haikutoka, imefichwa. Mchicha uliokauka kwa sumu haununuliwi na mtu. Wa kuogopwa ni ule wenye majani mazuri, ambao kadmiamu yake itakaa katika figo za mlaji kwa miaka mingi.

Kwa hiyo maabara inayoteua seli vumilivu za mimea ya chakula hapana budi ipime metali iliyomo ndani ya jani, na itaje kiasi cha kalsiamu ilichotumia. Mimea ya kusafishia udongo wa migodi ina hesabu yake: huko, kuficha sumu ndiyo kazi iliyotakiwa.