Kabla ya kuchangia skani ya PET, uliza inatafuta nini

Kama uko kwenye makundi ya WhatsApp, hili bango umeshaliona. Picha ya mgonjwa, namba ya Paybill na ombi la pesa za kwenda India kufanyiwa skani ya PET. Watu wanatuma mia mbili, mia tano, kisha wanaandika "Mungu amponye". Ni moyo mzuri sana. Lakini ni wangapi huuliza hiyo skani inaenda kutafuta nini?

Kwangu mimi, swali hilo lina uzito kuliko bei ya mashine.

Tuelewane kwanza. Eksirei na CT huonyesha umbo: uvimbe uko wapi na ni mkubwa kiasi gani. Skani za nyuklia huonyesha kile ambacho seli zinafanya. Unadungwa dawa yenye mionzi kidogo, inasafiri mwilini na kujikusanya mahali fulani, halafu kamera inanasa mionzi inayotoka hapo. Kwa hivyo kinachoonekana kinategemea dawa uliyodungwa.

Chukua skani ya mifupa. Hii hutumia teknitiamu, ambayo hukimbilia mahali mfupa unapojijenga upya. Saratani ya matiti au ya tezi dume ikisambaa hadi kwenye mifupa, hapo hujianika. Ni nafuu kuliko PET na inapiga picha mwili mzima. Shida ni kwamba mfupa uliovunjika majuzi, au magoti ya shosho yenye yabisi, nayo hung'aa.

PET iliyozoeleka hutumia sukari iliyotiwa florini yenye mionzi. Seli nyingi za saratani zina uroho wa sukari, basi zinaichota na kung'aa. Kwa limfoma na saratani ya mapafu inasaidia sana: unajua ugonjwa umefika wapi, na kama kemo inafanya kazi. Lakini hata kifua kikuu hung'aa! Katika nchi ambayo TB bado iko mitaani, hilo si jambo dogo. Doa kwenye pafu linaweza kuwa saratani au TB, na PET peke yake haiwezi kukuapia ni lipi. Lazima kipande kitolewe kikapimwe maabara.

Sasa njoo kwa tezi dume. Saratani hii mara nyingi haina hamu kubwa ya sukari. Mzee wako anaweza kufanyiwa PET ya sukari, picha itoke safi, kumbe ugonjwa upo. Kuna PET nyingine inayotumia dawa inayoshika PSMA, protini iliyojaa juu ya seli za saratani hiyo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2020 uliangalia wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyo katika hatari ya kusambaa. PET ya PSMA ilikuwa sahihi kwa asilimia 92, huku CT na skani ya mifupa kwa pamoja zikipata asilimia 65. Ona basi: mashine ni ya PET zote mbili, dawa ndiyo imebadilika.

Utaniambia, si basi kila mzee apelekwe PSMA? Ngoja kidogo. Kama skani ya mifupa imeshaonyesha wazi ugonjwa umesambaa, na picha mpya haitabadilisha matibabu, pesa hizo ni afadhali zinunue dawa.

Na mbona India? Nairobi tayari kuna PET, katika Aga Khan na katika hospitali ya umma ya KUTRRH. Lakini florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hivyo haiwezi kutengenezwa mbali na mgonjwa. Teknitiamu huchukua saa 6, na mtambo mdogo unaoitoa unaweza kusafirishwa na kutumika hospitalini kwa takriban wiki moja. Ndiyo maana nasema serikali ihakikishe kwanza kila eneo lina kamera ya teknitiamu inayofanya kazi, kabla ya kuongeza PET nyingine jijini. Mgonjwa wa Lodwar asisafiri hadi Nairobi kwa skani ya mifupa.

Nawe kijana usiye na dalili yoyote, usidanganywe na matangazo ya "check-up" ya PET. Hizi si skani za kujipima tu. Kama wewe ni msichana aliyefika umri unaopendekezwa kupimwa, kipimo cha HPV kitakufaa zaidi.

Bango likija tena, changia. Ila kabla ya hapo mwulize mwenye mgonjwa mambo matatu: daktari anatafuta nini, ni dawa gani itadungwa, na jibu litabadilisha nini kwenye matibabu? Asipojua, mwambie arudi akamuulize daktari. Ni haki yake, na kuuliza hakulipiwi.