Damu ni yako, na sindano je?

Haya wadau, leo tuongee ngozi. Najua kuna watakaouliza mwalimu mtarajiwa kaingiaje kwenye mambo ya sura, lakini jamani hapa hosteli wiki ya pili sasa hakuna stori nyingine. Mahafali yanakaribia, kila mtu anataka uso wa picha, na neno lililoko midomoni ni PRP. Unatolewa damu yako, inazungushwa, unarudishiwa usoni, eti chunusi na makovu kwaheri.

Kwa kuwa nasomea kufundisha baiolojia, ngoja nieleze kama niko mbele ya kidato cha pili. Wanakuvuta damu mkononi, mililita 10 hadi 20 hivi, kama ya vipimo tu. Inaingia kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande, halafu kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Chembe nyekundu ni nzito, zinazama chini. Juu yanabaki maji ya njanonjano, yaani plazma, na wanachokitafuta humo ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata. Mtu mzima kwa kawaida anazo 150,000 hadi 450,000 kwenye kila mikrolita moja ya damu, wao wanazikusanya ziwe mara kadhaa ya hapo. Kisha unachomwa nayo usoni, au unapakwa huku kijimashine cha visindano kinapita juu ya ngozi. Hesabu yao ni kwamba chembe sahani zinabeba protini zinazoita mafundi wa mwili penye jeraha. Ukijeruhi ngozi kidogo na kuzimwaga hapo, ngozi itajenga kolajeni mpya.

Sio uchawi wala utapeli mtupu. Madaktari wa mataya na meno walikuwa wakiitumia tangu miaka ya 1990, wa mifupa nao wakafuata. Usoni ilivuma mwaka 2013, Kim Kardashian alipotoa picha yake uso umetapakaa damu. Wamarekani wakaibatiza jina la mnyonya damu, na mimi nikakumbuka mumiani. Enzi za mkoloni wazee wetu walikuwa wakiwakimbia wazimamoto wakiamini wananyonya watu damu, leo wajukuu tunapanga foleni na hela mkononi, kwi kwi kwi! Kim mwenyewe mwaka 2018 alisema harudii tena. Alikuwa amegundua ana mimba muda mfupi kabla, hivyo hakuweza kupakwa dawa ya ganzi, na maumivu aliyapata.

Inafanya kazi? Kwa makovu ya chunusi, tafiti kadhaa zinaonyesha visindano pamoja na PRP vinasaidia zaidi kidogo kuliko visindano peke yake. Ila nyingi ni tafiti ndogo, na kila kliniki ina namna yake ya kuizungusha hiyo damu, kwa hiyo huwezi kulinganisha kirahisi. Anayekuahidi sura ya mtoto mchanga ni mfanyabiashara, msikilize hivyohivyo. Halafu haiishi siku moja, mara nyingi ni mara tatu, kila baada ya mwezi mmoja hivi. Zidisha bei kwa tatu, kisha angalia boom lako. Na haikufanyi mweupe, kama hilo ndilo unalolitafuta kimoyomoyo.

Lakini hayo ni ya pesa. Linaloninyima usingizi ni hili la "ni damu yako mwenyewe, utaugua nini?" Hoja tamu sana, kama kweli iliyorudi ni yako.

Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja alikutwa na VVU na hakuwa na chanzo chochote cha kawaida, isipokuwa alishafanyiwa huduma hii kwenye spa moja mjini Albuquerque. Wakaguzi walipoingia walikuta vichupa vya damu visivyo na majina juu ya kaunta ya jikoni, vingine ndani ya friji pamoja na chakula, na sindano zilizokwisha toka kwenye pakiti zimezagaa kwenye droo na juu ya kaunta. Leseni hakuna. Spa ikafungwa mwaka uleule. Mwenye nayo alikiri mahakamani mwaka 2022 kwamba alifanya udaktari bila leseni, akahukumiwa miaka mitatu na nusu jela. Aprili 2024 CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ikatoa ripoti: wateja watatu inaelekea waliambukizwa VVU palepale. Walifuata ngozi laini!

Sasa njoo kwetu. Kuna dada hapa block yetu (simtaji, anajijua) hela yake ya upatu ameipangia kazi hii. Nikamuuliza, nani atakuchoma? Akanijibu, yule dada anayebandika kope, ameongeza huduma. Mashine ya kuzungushia damu umeiona? Hajaiona. Kichupa chako kitaandikwa jina kabla damu haijatoka mkononi? Hajui. Pakiti ya sindano itafunguliwa mbele ya macho yako? "Wewe nawe unapenda kuogopesha watu." Ndiyo, napenda. Anayechoma watu sindano awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na akiulizwa asinune. Kuna watu walioripotiwa kupoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa PRP karibu na macho, maana mshipa wa damu ukipatikana vibaya jicho ndilo linalolipa. Hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye video.

Tena kuna ambao hata kwa daktari bingwa wataambiwa waache: mwenye mimba, mwenye chembe sahani chache, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye chunusi zilizoiva zenye usaha. Na sisi ngozi nyeusi tukijeruhiwa huwa tunabaki na madoa, wengine kovu linavimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kama kutoboa sikio tu kulikuachia uvimbe, visindano mia usoni unavitafutia nini?

Wataalamu wa ngozi tunao. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha kuwafundisha tangu mwaka 1992, na waliopita pale wapo hospitali nyingi. Chunusi nyingi zinatulia kwa dawa za kupaka za kawaida ukizitumia miezi miwili mitatu bila kuruka siku. Acha kuzikamua, acha mkorogo. Na lile jua la saa saba kutoka Yombo mpaka hosteli ndilo linalokoleza hayo madoa, kwa hiyo wanaume nanyi bebeni mwamvuli, hakuna atakayewacheka. Labda mimi kidogo.