Programu ya Magereza Ipimwe kwa Mahabusu

Mwenzetu aliyeandika kwamba programu bora ya kompyuta ya kuendesha magereza ni ile yenye vipengele vingi na hifadhi ya mtandaoni amekipima chombo kwa orodha ya muuzaji. Kwa wilaya ya Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, kipimo ni kimoja: je, kila asubuhi inamwonyesha mkuu wa gereza mahabusu aliyekawia bila kesi yake kusikilizwa? Katiba ya Zambia, ibara ya 13, inataka mtu wa namna hiyo aachiwe; hata hivyo mwaka 2010 Human Rights Watch ilikuta magerezani watu waliosubiri kesi kwa miaka. Daftari huzificha siku hizo za kusubiri. Programu inaweza kuzihesabu.

Atanijibu kwamba alama za vidole huzuia watu kuchanganywa. Kweli, hasa katika wilaya iliyopokea maelfu ya wakimbizi wa Kongo tangu 2017, ambako jina moja laweza kuandikwa kwa namna tatu. Lakini kumbukumbu zisizofunguka bila intaneti zina faida gani? Mwaka 2024, maji ya bwawa la umeme la Kariba yalipopungua, umeme ulikatwa nchini kwa saa nyingi kila siku, na umeme ukikatika intaneti nayo huweza kupotea. Zabuni ya kununua programu hiyo idai kwanza ile inayofanya kazi nje ya mtandao na kumpa hakimu orodha ya mahabusu; mengine yasubiri.