Huduma za afya mipakani: Maswali ya wabunge yamsahau dereva

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, mabunge ya Tanzania, Kenya na Uganda hukaa kujadili bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Huo ndio msimu ambao wabunge huibana Serikali kuhusu zahanati zisizo na dawa, vituo vya afya visivyo na wahudumu wa kutosha na magari ya wagonjwa yaliyokaa juu ya mawe.

Maswali hayo ni mengi, na mengine ni makali. Hata hivyo, kwa wasafirishaji na wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Namanga, Malaba, Busia, Rusumo, Mutukula na Tunduma, kuna jambo linalojirudia. Dereva anayelala mpakani akisubiri karatasi za forodha ni nadra kutajwa. Na pale anapotajwa, mara nyingi ni kwa sababu ya ugonjwa anaodhaniwa kuuleta, si ule unaomsumbua yeye mwenyewe.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Swali likiwa la hatari, Serikali hujibu kwa vipimo, vyeti na vizuizi. Swali likiwa la huduma, hulazimika kujibu kwa wahudumu, dawa na vitanda. Miaka michache iliyopita imeonyesha ni aina ipi ya majibu ambayo barabara za biashara zimepata.

Hofu ilitangulia

Aprili 2020, Uganda ilianza kukuta maambukizi ya corona miongoni mwa madereva walioingia na malori kutoka nchi jirani. Ndani na nje ya Bunge mjini Kampala zilisikika sauti za kutaka madereva wa kigeni wazuiwe kabisa. Rais Yoweri Museveni alikataa, kwa hoja kwamba kuzuia mizigo kungeiumiza Uganda yenyewe.

Mwezi uliofuata, Zambia iliufunga kwa siku kadhaa mpaka wake na Tanzania baada ya wagonjwa wengi kugundulika Nakonde. Mei 16, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania isipokuwa kwa magari ya mizigo, na madereva wake wakatakiwa kupimwa. Viongozi wa mikoa ya mpakani upande wa Tanzania nao wakajibu kwa kuzuia malori ya Kenya. Suluhu ilipatikana katika kikao cha Namanga, ambapo pande mbili zilikubaliana dereva apimwe nchini kwake na cheti chake kidumu siku 14.

Januari 2022 hali ikajirudia Malaba na Busia. Uganda iliagiza madereva wote wapimwe kwa malipo ya dola 30. Madereva wakaegesha malori. Foleni ilifika makumi ya kilomita, na mafuta yakaadimika na kupanda bei nchini Uganda. Serikali ililazimika kulegeza masharti.

Katika kipindi hicho, kilichonunuliwa kwa haraka zaidi kilikuwa vipimo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Ujerumani, iligawa maabara 9 zinazohamishika kwa nchi wanachama. Maabara hizo zilihitajika, na kazi ya upimaji mipakani imeendelea kuleta faida. Julai 31, 2024, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, aliyegunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya.

Lakini maabara humtambua mgonjwa, haimtibu. Dereva mwenye shinikizo la damu, kisukari au malaria, au aliyeumia mgongo kwa safari ndefu, hakupata kitanda kwa sababu ya maabara hizo.

Kura iko nyumbani

Sababu ya kwanza ya ukimya huu ni ya kisiasa na haina siri. Dereva wa Mombasa hupiga kura Mombasa, na yule wa Dar es Salaam hupiga kura Dar es Salaam. Akiugua Malaba au Tunduma, anaugua katika jimbo la mbunge ambaye hamdai kura. Mbunge wa nyumbani kwake naye hana kituo cha afya cha kuombea fedha mahali pale.

Sababu ya pili ni hesabu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa Tanzania, uliojulikana kwa kifupi MMAM na kupangwa kwa miaka ya 2007 hadi 2017, ulilenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Ulikuwa mpango mzuri kwa wakazi. Lakini kata ya mpakani yenye maegesho ya malori ilihesabiwa kama kata nyingine yoyote. Mgawo wa fedha za afya pia huangalia sana idadi ya watu wa eneo, na anayelala ndani ya lori si mkazi.

Matokeo yake humfikia mkazi pia. Dawa iliyopangiwa wakazi ikitumiwa na wakazi pamoja na wapita njia, huisha mapema. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa na tandiboi anayetetemeka kwa malaria hukutana dirisha moja la dawa na kupewa jibu moja: nendeni mkanunue nje.

Hapa ndipo maslahi ya mbunge wa mpakani na ya msafirishaji yanapokutana. Mbunge hahitaji kumtetea mgeni ili kusaidia pande zote mbili. Anaweza kuuliza kwa ajili ya wapiga kura wake: je, malori yanayopita katika jimbo hili yamehesabiwa katika mgawo wa dawa na wahudumu? Mamlaka za mapato zina kumbukumbu za malori yanayovuka na mizigo yake, kwa hiyo Serikali haiwezi kudai kwamba idadi haipatikani.

Nani hujibu swali lipi

Maswali mengi mazuri hufa kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika, na utaratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Nchini Tanzania, zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri husimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Wizara ya Afya inashika sera, hospitali kubwa za rufaa na maofisa wa afya wanaokaa mipakani. Anayeuliza Wizara ya Afya kuhusu upungufu wa wauguzi katika kituo cha kata anaweza kupata jibu la heshima lisilomfunga mtu yeyote.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti vituo vya afya vya kaunti pamoja na huduma za magari ya wagonjwa, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Ukaguzi wa afya mipakani umebaki kwa Serikali Kuu. Kwa hiyo suala la gari la wagonjwa Busia huanzia bunge la kaunti au Seneti. Mawaziri wa Kenya si wabunge chini ya Katiba hiyo, na kwa miaka mingi walijibu mbele ya kamati tu. Kuanzia mwaka 2023 wameanza kufika pia katika vikao vya mabunge yote mawili kujibu maswali.

Nchini Uganda, wilaya huendesha vituo vya ngazi za chini na Wizara ya Afya husimamia hospitali za rufaa. Mawaziri huingia bungeni, na Waziri Mkuu ana muda wake wa kuulizwa maswali, kama ilivyo Dodoma.

Jukwaa la nne ni Bunge la Afrika Mashariki mjini Arusha, lenye wabunge 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi mwanachama. Wabunge hao huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, hawana majimbo ya kutetea, na wanaweza kuliuliza maswali Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Kwa suala la dereva anayevuka mipaka mitatu katika safari moja, ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi.

Gari lina kadi, dereva hana

Swali lililozoeleka huwa hivi: ni lini Serikali itajenga kituo cha afya mahali fulani? Jibu lake nalo limezoeleka: Serikali itaendelea kutenga fedha kwa awamu kulingana na upatikanaji wa fedha. Jibu hilo halina mwaka, halina kiasi na halina ofisi ya kuulizwa baadaye.

Swali linalobana zaidi ni la bima. Lori linalovuka mpaka hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania bado inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hugharamia madai ya watu wengine na matibabu ya waliokuwa ndani ya gari, lakini pale tu inapotokea ajali. Dereva akishikwa na malaria au kisukari kikimpandia kwenye foleni, kadi hiyo haimsaidii.

Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 1, 2024, ukichukua nafasi ya NHIF. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kila mfumo umejengwa kwa ajili ya watu wa nchi yake na hospitali za nchi yake. Miaka mingi sasa gari limekuwa na karatasi inayokubalika ng'ambo ya mpaka. Mbunge anaweza kuuliza ni lini aliyeshika usukani atapata ya kwake.

Serikali nazo zina hoja. Halmashauri ya mpakani ikimtibu mgeni asiye na fedha, hasara hubaki kwake. Vituo vimejengwa katika maeneo mengi, na fedha hazitoshi. Lakini malori hayapiti bure. Lori la kigeni hulipa tozo ya barabara, na kuna halmashauri zinazokusanya ushuru wa maegesho. Ni haki kuuliza ni kiasi gani cha makusanyo hayo kinarudi katika vyoo, maji na dawa za mahali yalipokusanywa.

Kwa miaka mingi sehemu ya pengo hili imezibwa na wafadhili. Shirika la North Star Alliance, lililoanza mwaka 2006, limeweka kliniki ndani ya makontena kando ya barabara kuu barani Afrika. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za Ukimwi katika ukanda huu zikatikiswa. Huduma inayotegemea mfadhili haina waziri wa kuulizwa inapokatika.

Kabla ya Aprili

Vyama vya wasafirishaji, madereva na mawakala wa forodha vimezoea kwenda kwa wabunge kuhusu kodi, mizani na bei ya mafuta. Afya huachwa kwa wizara. Gharama yake huonekana baadaye, pale dereva mmoja anapougua na mzigo ukakaa, au mpaka unapofungwa kwa hofu na malori yote yakasimama.

Njia iliyopo ni kumkabidhi mbunge hesabu kabla ya vikao vya bajeti: malori yanayolala mpakani kwa wiki, umbali hadi hospitali yenye daktari usiku, idadi ya wauguzi waliopo na wanaotakiwa, siku ambazo dawa ya malaria haikuwepo. Mbunge mwenye hesabu hiyo anaweza kuuliza swali la nyongeza pale waziri anapojibu kwa ujumla, na mwaka unaofuata akarudi na jibu la mwaka uliopita mkononi.

Bajeti ikishapitishwa Juni, nafasi ya kubadili mgawo huwa ndogo hadi mwaka mwingine. Anayetaka dereva wake ahesabiwe safari hii hana budi kuanza kuhesabu sasa.